Mtoto Amekua, Amri ya Ulezi Imebaki Ile Ile

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Pemba. Hatukuutoa kwa mtu fulani, na atakayejiona ndani yake asidhani kuwa tumemkusudia yeye. Nyumba za namna hii ni nyingi katika visiwa vyetu. Mume na mke waliachana mtoto wao akiwa na umri wa miaka mitatu. Kadhi akawasikiliza, akampa mama ulezi, akamwamuru baba atoe masurufu kila mwezi na amwone mtoto siku ya Ijumaa. Hukumu ilikuwa ya haki, na hapana aliyeilalamikia.

Miaka sita ikapita. Mama akaolewa na mume mwingine akahamia Unguja. Mtoto akabaki Wete kwa bibi yake mzaa mama. Bibi naye akaanza kupoteza nuru ya macho. Baba, ambaye wakati wa hukumu alikuwa kijana wa uvuvi asiye na makao, leo dago hili na kesho dago lile, sasa ana nyumba, mke na kazi ya kudumu Chake Chake. Mtoto mwenyewe ana miaka tisa, anasoma darasa la tatu, na ana lake la kusema. Katika mambo yote aliyoyatazama Kadhi siku ile, hakuna hata moja lililobaki mahali pake, isipokuwa karatasi ya hukumu.

Sasa tazama linalofuata. Baba haendi mahakamani. Siku moja adhuhuri anasimama nje ya chuo. Mtoto anatoka na juzuu yake kifuani, anapandishwa gari, na kabla ya alasiri amekwisha kufika Chake. Bibi anapewa habari na watoto wa jirani. Wajomba wanakutana usiku, wanafunga safari alfajiri, na maneno yanayosemwa mlangoni kwa baba huyo si ya kuandikwa gazetini. Mtoto anarejeshwa Wete. Juma la pili baba anarudi na askari, akidai kuwa mtoto ni wake kwa nasaba. Askari anawapeleka kwa sheha. Sheha anasema hayo ni mambo ya ndani na tena yana hukumu ya Kadhi. Na mama, aliyekwisha kupigiwa simu, anapanda boti ya kwenda Mkoani akiwa ameishika mkononi hukumu ile ya miaka sita iliyopita kama mtu aliyeshika hati ya shamba. Muda wote huo mtoto hakuingia darasani.

Lawama zitakavyogawiwa, sote tunajua. Walio upande wa mama watasema baba ni mporaji, na walio upande wa baba watasema mama amemtupa mtoto kwa kizee asiyeona. Sisi tunauliza jambo jingine. Kwa nini katika watu wazima wote hao hakupatikana hata mmoja wa kwenda kwa Kadhi kusema maneno machache tu: mambo yamebadilika, tunaomba hukumu ile itazamwe upya?

Kwa kadiri tuonavyo, jawabu lake limo katika lugha yetu ya barazani. Tunasema fulani kashinda kesi ya mtoto, na fulani kashindwa. Tumeichukua hukumu ya ulezi tukaifananisha na hukumu ya shamba la mikarafuu. Shamba likishahukumiwa kuwa la mmoja, basi ni lake na la warithi wake, na mwenye kulifufua dai hilo baada ya miaka sita huitwa mgomvi. Lakini mkarafuu hauulizwi ungependa kukaa kwa nani, wala hauanzi skuli, wala hauoti homa usiku ukamtaka mama. Aliyeshinda huogopa kurudi mahakamani asije akapoteza alichoshinda. Aliyeshindwa huona kwamba mlango wa mahakama umekwisha kumfungia, kwa hiyo hutafuta mlango mwingine, na mlango huo huwa ni ule wa chuo wakati wa adhuhuri.

Fikra hiyo haina msingi katika sheria yoyote inayotumika hapa. Tuanze na ile wanayoihukumia Makadhi wetu, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na watu. Wengi wa wakazi wa visiwa hivi hufuata madhehebu ya Imam Shafi, na kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kimesomeshwa na masheikh wetu vizazi kwa vizazi. Atakayeufungua ndani yake mlango wa hadhana, yaani ulezi wa mtoto mdogo, hatakuta mali inayogawiwa mara moja ikaisha. Atakuta amana inayohama kwa kufuata hali za watu.

Mama ndiye wa kwanza maadamu mtoto hajafikia umri wa kupambanua mambo. Akiolewa na mume asiye na ujamaa wa ulezi na mtoto huyo, haki yake husita. Lakini hapo haki hairuki moja kwa moja ikamwangukia baba, bali humwendea kwanza mama yake mama. Jambo hili baba wengi hawalijui, na baadhi yao hawapendi kulijua. Na ndoa ile ya pili ikivunjika, haki ya mama hurudi kama ilivyokuwa. Mtoto akifikia kupambanua, na hilo hukadiriwa kwenye miaka saba au karibu yake, na wazazi wote wawili wakawa wanafaa, huulizwa anamtaka nani. Akimchagua baba, kisha baadaye akamtaka mama, huhamishwa. Ni pale tu inapodhihirika kuwa kuhamahama kwake kunatokana na upungufu wa akili ya kupambanua ndipo huachwa kwa mama yake. Mzazi akisafiri kwa haja, mtoto hubaki kwa yule asiyesafiri mpaka msafiri arejee. Ama kuhama moja kwa moja kuna hukumu nyingine, inayompa baba nguvu zaidi kwa ajili ya kuhifadhi nasaba, ikiwa njia na mji unaohamiwa ni wa amani. Na mtoto aliye kwa baba akiugua, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumuuguza, iwe humo nyumbani mwa baba kwa ridhaa yake, au nyumbani kwake mama.

Hatuandiki haya ili kujifanya mafakihi. Wenye elimu hiyo wapo, na ndugu zetu wa madhehebu ya Ibadhi wana kauli zao katika mlango huu. Tunachotaka kuonyesha ni hiki tu: wanazuoni waliotangulia waliihesabu olewa ya mama, talaka yake, safari ya baba, maradhi ya mtoto na akili yake inayokua kuwa ni sababu za kuitazama hali upya. Mwenye kwenda kwa Kadhi kuomba mabadiliko kwa sababu kama hizo haivunjii heshima hukumu ya kwanza. Anatumia mlango uliowekwa kwa ajili yake.

Sheria za Serikali nazo haziendi kinyume na hayo. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1985, imeiachia mahakama hiyo mambo ya ndoa, talaka, ulezi na masurufu baina ya Waislamu. Kabla yake ilikwisha kutungwa Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011, iliyoweka maslahi ya mtoto kuwa jambo la kutazamwa mbele katika maamuzi yanayomhusu. Sheria hiyo ilisifiwa hadi nje ya nchi, na mwaka 2015 taasisi ya World Future Council iliitunukia tuzo yake ya dhahabu. Tuzo ni jambo la kujivunia. Mtoto wa Wete hana habari nayo. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 9 kwamba mtoto aliyetengana na mzazi ana haki ya kuendelea kuonana naye, isipokuwa kama kuonana huko kunamdhuru, na katika ibara ya 12 kwamba mtoto awezaye kuwa na rai yake asikilizwe.

Kwa ndugu zetu wa Bara jambo hili limeandikwa waziwazi zaidi. Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 1971 haitumiki hapa Visiwani, lakini wenzetu wengi wanaoishi Dar es Salaam na Tanga hukutana nayo pindi ndoa zao zinapovunjika huko. Kifungu cha 125 kinachukulia kuwa mtoto aliye chini ya miaka saba ni kheri kwake kuwa na mama, ila ikithibitishwa vinginevyo, na kinamtaka hakimu aepuke kumsumbua mtoto kwa kumhamishahamisha. Kifungu cha 133 kinaipa mahakama uwezo wa kubadili au kufuta amri ya ulezi au ya matunzo wakati wowote, ikiridhika kuwa amri ya kwanza ilijengwa juu ya maelezo ya uongo au makosa, au kwamba hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Maneno yenyewe hayazidi mistari michache. Tungependa kuyaona mistari ya namna hiyo imechapwa chini ya kila hukumu ya ulezi inayotolewa Unguja na Pemba, kwa herufi zisizohitaji miwani, ili anayeipokea ajue tangu siku ya kwanza kuwa hukumu hiyo inaweza kutazamwa tena, na kwa njia gani.

Hapa yafaa tuwe waangalifu, maana kila dawa ina madhara yake. Tukisema amri inaweza kubadilishwa, wapo watakaoona wamepewa ruhusa ya kumwita mwenzao mahakamani kila mwezi mwandamo. Mtoto anayehamishwa kila mwaka hana kwao. Kwa hiyo mabadiliko yanayostahili kusikilizwa ni yale yanayomgusa mtoto mwenyewe: mlezi amekuwa mgonjwa au mzee asiyejiweza, mlezi ameondoka na mtoto ameachiwa mtu ambaye mahakama haikumtazama, mtoto anapigwa au haendi skuli, au amefikia umri wa kusema na anasema. Baba kununua gari si sababu. Mama kugombana na mke mpya wa baba harusini si sababu. Wala si sababu kwamba mtalaka ameolewa na mtu ambaye hatumpendi, ingawa tunajua madai mengi huzaliwa katika majuma machache baada ya harusi ya namna hiyo.

Na liko jambo la fedha, ambalo ndilo linaloharibu zaidi ya yote. Wapo baba wanaoomba ulezi siku ile ile wanapoitwa mahakamani kwa sababu ya masurufu ambayo hayajalipwa miezi minane. Kwao wao kumchukua mtoto ni njia ya kufuta deni. Wapo pia mama wanaomficha mtoto siku ya Ijumaa kwa kuwa fedha ya mwezi haijafika, kama muuza duka anayezuia bidhaa. Haya mawili hayana uhusiano. Masurufu ni haki ya mtoto juu ya baba yake, awe anaishi naye au haishi naye, awe baba anamwona au hamwoni. Kumwona mzazi nako ni haki ya mtoto, na haipungui kwa deni. Aya ya 233 ya Surat al-Baqara inawakataza wazazi wote wawili kutiana mashaka kwa sababu ya mtoto wao, na tukiwa watu tunaoisoma tangu tuna miaka sita hatuna udhuru wa kusema hatukuisikia. Tungependelea Makadhi wayasikilize madai haya mbalimbali: deni la nyuma lilipwe au liwekewe utaratibu wa kulipwa, kisha ndipo atazamwe mwenye kuomba ulezi, kwa sababu aliyeshindwa kutuma chakula cha mtoto aliye Wete ana la kueleza kabla ya kuaminiwa kumlisha Chake.

Tusisahau kwamba wanaozijua zaidi njia za mahakama hizi ni wanawake. Mtafiti Erin Stiles, aliyekaa katika mahakama ya Kadhi ya Mkokotoni na kuandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 2009, aliona kuwa sehemu kubwa ya madai pale yalifunguliwa na wanawake. Wanaume wengi huona haya kusimama mbele ya Kadhi kama wadai, huona kwamba mwanamume hutumia mkono au hutuma wazee. Tunawaambia baba hao, kwa heshima, kwamba hapana aibu katika kumdai mwanao kwa barua na shahidi.

Sasa tuje kwa mtoto mwenyewe. Anaulizwaje? Tukisema mtoto wa miaka tisa asikilizwe, haitoshi kumsimamisha katikati ya chumba, mama kulia, baba kushoto, shangazi na wajomba nyuma wakikohoa, kisha akaambiwa sema unamtaka nani. Mtoto huyo hatasema anachokitaka. Atasema kile kitakachomwepusha na kilio cha jioni. Pengine amekwisha kuahidiwa baiskeli. Pengine ameambiwa bibi atakufa akiondoka. Aulizwe faraghani, na kwa utaratibu, na asiulizwe swali lile la nani unampenda, bali aulizwe habari za siku yake: nani anamwamsha, anakula wapi, anakwenda skuli na nani, akiumwa anamwita nani. Majibu ya maswali haya ni vigumu kumfundisha mtoto kuyasema uongo, na mara nyingi yanatoa hukumu kabla ya hukumu.

Katika kazi hii Kadhi hawezi kuwa peke yake. Afisa Ustawi wa Jamii ndiye awezaye kwenda Wete akaiona hali ya bibi, akaenda Chake akaiona nyumba ya baba na kumsikiliza mke wa baba (maana huyo ndiye atakayempikia mtoto, na hatukumbuki wengi wakitaja haja ya kumuuliza), kisha akaandika alichokiona. Ripoti ya kurasa mbili ya mtu aliyekwenda ina thamani kuliko viapo vya mashahidi kumi wa ukoo mmoja. Tunafahamu kuwa maafisa hao ni wachache na vyombo vyao vya usafiri ni hafifu. Lakini Serikali inapopanga matumizi yake ingefaa ikumbuke kuwa safari moja ya afisa huyo ni rahisi kuliko safari tatu za askari.

Masheha nao tunawaomba waache kauli ile ya kwamba hayo ni mambo ya ndani. Mtoto akichukuliwa mlangoni mwa chuo na watu wazima wawili wakasimama kutupiana maneno, jambo limekwisha kutoka nje. Sheha hana mamlaka ya kutoa ulezi, na asijaribu. Alilo nalo ni kujua nani anaishi wapi katika shehia yake, tangu lini, na mtoto analala nyumba gani. Hayo akiyaandika kwa ukweli na kumwelekeza mwenye shida kwenye Mahakama ya Kadhi ya wilaya yake, atakuwa amefanya kazi kubwa. Na kwa familia zisizokuwa za Kiislamu, ambazo madai yao husikilizwa katika mahakama za kawaida, maelekezo yawe ya namna hiyo hiyo.

Kwa Makadhi wetu tuna maombi machache. Hukumu ya ulezi isiseme tu kwamba baba amwone mtoto. Iseme siku gani, tangu saa ngapi hadi saa ngapi, nani anamchukua na nani anamrejesha, Sikukuu ya kwanza atakuwa wapi na ya pili wapi, na nani analipa nauli ya boti ikiwa mzazi mmoja yuko Unguja na mwingine Pemba. Mzazi akiwa Maskati kwa kazi, iseme siku ya simu. Maneno yanayoachwa wazi ndiyo yanayojazwa kwa ugomvi. Na pale mtoto alipo mdogo sana wakati wa hukumu, Kadhi aitaje tangu mwanzo siku ambayo wazazi watarudi mbele yake, kwa mfano mtoto atakapotimiza miaka saba, bila ya mmoja wao kulazimika kuonekana mchokozi kwa kufungua dai.

Liko na suala la muda. Ombi la kubadilisha ulezi likikaa miezi kumi mahakamani, aliyemshika mtoto kwa nguvu atakuwa amefanya wepesi kuliko aliyetii sheria, na jirani zake wote watakuwa wamejifunza jambo hilo. Wakati ombi linangojea kusikilizwa, itolewe amri fupi ya muda: mtoto abaki alipo, aendelee na skuli yake ile ile, na mzazi wa pili amwone. Aliyemchukua bila ya amri amrejeshe kwanza, kisha ndipo asikilizwe, hata kama ana haki.

Yule mtoto wetu wa mfano angali Wete. Pengine Kadhi akimsikiliza ataona abaki kwa bibi na apatikane mtu wa kuwasaidia. Pengine ataona aende kwa baba, na mama apewe likizo na siku za Sikukuu. Pengine mama mwenyewe ataeleza kuwa mumewe mpya yu tayari, na Kadhi atatazama kama wanaohusika wanaridhia. Hatuwezi kujua kutoka hapa tulipo, na hatupaswi kujua. Tunajua tu kuwa skuli hufungwa Disemba na hufunguliwa Januari, na kwamba majuma hayo ya katikati ndiyo wakati ambao mtoto anaweza kuhamishwa bila ya kupoteza darasa. Maombi ya namna hii yaliyopo katika majalada ya mahakama zetu, Unguja na Pemba, yasikilizwe kabla ya hapo.